Ushauri Unaovunja Mgongo

Kiuno kikikukamata ukiwa Itaka, mkoani Songwe, maumivu yakashuka kwenye kalio, yakapita nyuma ya paja na kuishia unyayoni yakiwaka moto, hutakosa mshauri. Mmoja atakutuma Vwawa kwenye sindano. Mwingine anamjua mzee wa mizizi. Wa tatu ana shemeji Tunduma anayepata dawa kutoka ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Yuko wa maombi, yuko wa mkanda wa mgongo, yuko wa kulalia ubao, na yuko wa chuku. Wanapingana kwa kila kitu, lakini wote wanasimama juu ya kauli moja: jaribu tu, huna cha kupoteza. Aliyejaribu vyote tunamsifu kwamba amehangaika. Aliyekataa kimoja tunamwita mbishi, na siku akizidiwa hatuna huruma naye: si tulimwambia?

Kauli hii ina watu wenye akili nyuma yake, na ni haki kuieleza kama wao wenyewe wangeieleza. Maumivu ya mshipa wa mguu, wanasema, hayasubiri. Mtu hawezi kuinama kupalilia, hawezi kukaa kwenye kigoda, usiku hageuki. Bingwa wa mgongo yuko Mbeya au Dar es Salaam, na mkulima wa kahawa hana nauli ya kwenda kuulizwa maswali. Miili inatofautiana, kwa hiyo kilichomsaidia jirani huenda kikakusaidia. Mizizi ilitutunza kabla ya zahanati, na Serikali yenyewe inaitambua kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Anayejaribu ana matumaini. Anayekaa bure moyo wake unakufa kabla ya mguu. Na zaidi ya yote, mchagua jembe si mkulima. Mchagua dawa, wanaongeza, si mgonjwa.

Hoja imepangika vizuri. Tatizo ni kwamba ukiishika mahali popote, inakatika.

1. Kwamba jirani alipona

Tuanze na ushahidi unaopendwa kuliko wote. Fulani alikuwa hatembei, akanywa kitu fulani, baada ya mwezi akaonekana shambani. Nani abishe?

Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski, yenye ukuta mgumu kwa nje na kiini laini ndani. Ukuta ukichanika, kiini husukumwa nje na kugandamiza mzizi wa neva unaopita hapo, kisha neva hulalamika kwenye njia yake yote: kalio, paja, shavu la mguu, kidole gumba. Madaktari wawili wa Boston, Mixter na Barr, ndio walioliweka jambo hili wazi mwaka 1934. Wanaotusimulia habari za jirani huruka kipande kimoja: nyama ile iliyotoka, mara nyingi mwili wenyewe huisaga na kuinyonya, na uvimbe unaoizunguka hupoa. Kwa wagonjwa wengi wa shambulio jipya, nafuu kubwa huja ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu, wamekunywa kitu au hawakunywa.

Sasa fikiria mtu huenda kwa mganga lini. Haendi siku ya nafuu. Huenda siku maumivu yamefika kileleni. Kutoka kileleni, njia iliyobaki ni kushuka. Jogoo naye huwika kila alfajiri, na kukicha hatumlipi ada ya jua.

Waholanzi waliwahi kulipima jambo hili bila kutegemea masimulizi. Mwaka 1999 walichapisha matokeo ya wagonjwa 183 wa neva ya mguu: kundi moja lililazwa kitandani wiki mbili, jingine likaambiwa liendelee na shughuli kadiri linavyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Asilimia ileile. Hivyo yule mzee aliyekuamuru ulale chali wiki mbili wakati kahawa inaivia mtini alikuibia wiki mbili, akapewa na kuku wa shukrani.

Anayesumbuka kwa mwaka mzima atasema hadithi hiyo haimhusu. Ni kweli, mgonjwa wa muda mrefu hapaswi kuahidiwa kwamba yataisha yenyewe. Lakini hata maumivu ya mwaka yana wiki mbaya na wiki nzuri, na dawa mpya huanzwa kwenye wiki mbaya. Ndiyo maana kila dawa anayoanza humpa mwezi mmoja wa furaha, na ndiyo maana ana chupa nyingi kabatini.

2. Kwamba hugharamii kitu

Mwaka 2011 taifa zima lilifanya jaribio la kauli hii. Kijijini Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na nchi ikapanga foleni ya magari yenye urefu wa kilomita kadhaa. Shilingi 500 haimfilisi mtu. Nauli ndiyo iliyofilisi, na siku zilizolala barabarani, na wale walioacha dawa zao za hospitali kwa kuamini kwamba kikombe kimetosha. Wengine walifia kwenye foleni. Bei ya kikombe pekee ndiyo iliyokuwa ikitangazwa.

Kwa mgonjwa wa mgongo hesabu ni hiyohiyo, ila inafanywa polepole na bila waandishi wa habari. Chupa ya elfu kumi, chuku ya elfu tano, bodaboda ya kwenda na kurudi (na kila tuta la barabara analisikia mguuni), kisha mkanda wa dukani Tunduma. Pesa ikiisha, kahawa inauzwa ikiwa bado maua. Binti anaacha shule wiki ya kuchuma kwa sababu mama hainami. Na kaya hiyohiyo ukiiuliza kuhusu bima ya afya ya jamii, yaani CHF iliyoboreshwa, ambayo ilianza kwa kutoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa watu sita, inakujibu kwa uso mkavu kwamba bima ni ghali.

Halafu kuna gharama inayolipwa na mwili. Diklofenaki ni dawa halali na ina mahali pake kwa siku chache. Tatizo linaanza pale inapogeuka chakula cha kila siku: hutoboa tumbo, huumiza figo, hupandisha shinikizo la damu. Mzee mwenye presha anayemeza vidonge hivyo miezi sita kwa ajili ya kiuno anaweza kuishia kutapika damu, na msibani tutaambiwa alirogwa. Dawa zinazoitwa za asili hazina kinga dhidi ya hili. Wachunguzi wa nchi mbalimbali wameshakuta unga wa miti uliochanganywa kwa siri na dawa za kutuliza maumivu au steroidi za hospitali. Ukiona unga wa mizizi umeondoa maumivu ndani ya saa moja, uliza mzizi huo ulichimbwa msitu gani.

Ila lililo la ajabu kuliko yote ni sindano ya kalio. Neva inayouma, ile neva ya siatiki, ndiyo nene kuliko neva zote za mwili, na inapita ndani ya kalio. Sindano ikichomwa vibaya, na mtu asiyejua kwamba kalio lina robo nne na kwamba robo ya juu upande wa nje ndiyo salama zaidi, inaweza kuipiga neva hiyo au kumwaga dawa kandokando yake. Unyayo unaanguka, mtu anatembea akiuburuza. Madaktari wa Afrika wanalijua jeraha hili vizuri, na waathirika wengi ni watoto waliochomwa sindano za homa. Duka la dawa si mahali pa kuchomea sindano, lakini nani asiyelijua lile pazia la nyuma? Mtu anaingia neva ikimuuma, anatoka neva ikiwa imejeruhiwa, na siku inayofuata anashauriwa ajaribu ya pili, kwa kuwa hana cha kupoteza.

3. Kwamba picha itamaliza ubishi

Hili ni toleo la wasomi wa kauli ileile. Mfanyabiashara wa Tunduma hashughuliki na mizizi. Yeye anasema tusibahatishe, tupige MRI. Anapanda basi zaidi ya kilomita 800 kwenda Dar es Salaam, akikaa kwenye kiti siku nzima kwa ajili ya mgongo usiotaka kukaa, na anarudi na bahasha kubwa. Ndani imeandikwa kwamba diski imechomoza na pingili zimeanza kulika. Kuanzia siku hiyo hainui hata ndoo.

Mwaka 2015 jopo la watafiti likiongozwa na Brinjikji lilikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walionekana diski zimechakaa. Kati ya wenye miaka 80, asilimia 96. Diski zilizochomoza zilikuwa kwa asilimia 30 ya vijana wale na asilimia 84 ya wazee wale, nao hawalalamiki popote. Mgongo una mvi zake. Picha ina maana pale inapolingana na kile ambacho daktari amekikuta kwa mikono yake: mguu upi, kidole kipi kimekufa ganzi, nguvu gani imepungua, na kama kuna uamuzi unaosubiri jibu lake. Picha bila swali ni chale za kisasa, tofauti ni kwamba unapewa risiti.

4. Kwamba tunajaribu vyote

Hapa ndipo kauli inapojisaliti. Wanaosema jaribu vyote hawajaribu vyote. Ukiichunguza orodha yao utakuta ina kila kitu isipokuwa vitu vitatu, na vitatu hivyo ndivyo vingepaswa kuwemo.

Cha kwanza kilichoachwa ni mazoezi. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Lilipendekeza mgonjwa afundishwe kuhusu hali yake na apangiwe mazoezi, na kati ya dawa likaruhusu zile za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni kwa uangalifu. Halikupendekeza mikanda ya mgongo, kuvutwa kwa mashine wala dawa za jamii ya mofini kama utaratibu wa kawaida. Soma tena, kisha pita sokoni uangalie kinachouzwa na kinachokosa mnunuzi. Mazoezi hayana chupa, hayana harufu, hayamtajirishi mtu, na yanadai miezi. Ukimwambia mtu atembee kila siku na aimarishe misuli ya tumbo na makalio, anakutazama kana kwamba umemnyima dawa. Mimi nalima toka asubuhi, atakwambia, niongeze mazoezi gani? Swali lake lina haki ndani yake: kulima ni mzigo, si mazoezi yaliyopimwa. Ndiyo maana anahitaji mtu wa fiziotherapia wa kumpangia, na huyo hayumo kwenye orodha ya washauri.

Cha pili ni kisu. Mtu yuko tayari kunywa maji ya majani asiyoyajua jina, lakini ukitaja upasuaji anaruka: ukipasuliwa mgongo unapooza! Uti wenyewe wa neva ulio ndani ya mgongo, ule unaoweza kukupoozesha miguu yote, kwa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Diski zinazoleta ugonjwa huu mara nyingi ziko chini ya hapo. Hatari zipo, kuanzia maambukizi na kuchanika kwa ala ya neva hadi diski kutoka tena. Kupooza ni nadra. Sifa mbaya ya kisu inatokana pia na wanaokifikia: wamezunguka miaka, mguu umekwisha kunyauka, ndipo wanapelekwa. Mguu usiporudi, analaumiwa aliyeshika kisu, na wale washauri kumi waliotangulia wanamsindikiza mgonjwa nyumbani kwa pole.

Lakini wasije wanaokipenda kisu wakadhani nawatetea. Upasuaji wa diski hutuliza mguu. Kwa kiuno chenyewe msaada wake ni mdogo, na anayeuza ng'ombe akitegemea kiuno kipya ameuza bure. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Peul waliwapima wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali kwa wiki 6 hadi 12. Waliopelekwa mapema kwenye upasuaji walipona haraka zaidi, ila baada ya mwaka mmoja asilimia 95 ya kila upande walikuwa wamepona, na asilimia 39 ya waliotakiwa kusubiri ndio waliohitaji kupasuliwa baadaye. Kwa waliokuwa na maumivu ya mguu kati ya miezi 4 na 12, hesabu iligeuka. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2020, wa watu 128, uliwapa waliopasuliwa alama 2.8 kati ya 10 za maumivu baada ya miezi sita, na wasiopasuliwa 5.2. Kwa hiyo ukiwa na wiki ya tano, kisu kinaweza kungoja. Ukiwa na mwezi wa sita na mguu haukupi usingizi, kuendelea kuzunguka kwa waganga ndiko kunakohitaji kutetewa. Tarehe hizo mbili zina majibu mawili tofauti, na kauli ya jaribu tu haina kalenda.

Vidonge vya neva navyo visipite bila kuguswa, maana vinaandikwa kwa wingi. Pregabalini ilipimwa Australia kwa wagonjwa 209 wa siatiki, matokeo yakatoka 2017: haikuizidi dawa bandia, isipokuwa kwa kizunguzungu. Ina kazi yake kwenye miguu inayowaka kwa kisukari, na hapo ndipo inapofaa kujua kwanza mguu wako unawaka kwa sababu gani.

Cha tatu ni kupunguza mzigo. Kijana wa kupakia Tunduma anabeba lumbesa, gunia lililofungwa juu ya ujazo wake halali hadi kupita kilo mia. Tunampiga chuku, tunamkanda, tunamwombea, kisha keshokutwa tunamrudisha chini ya gunia lilelile.

5. Kwamba kuchelewa hakudhuru

Kwa wengi, kweli, kuchelewa hakuui. Na hilo ndilo linaloifanya kauli hii iwe hatari, kwa sababu inawachanganya hao wengi na wachache ambao kwao siku ni mali.

Yupo ambaye ugonjwa wake ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779, na kwetu bado kipo. Kinakuja polepole: kiuno kinachouma hata usiku umepumzika, jasho la usiku, kukonda, homa za jioni, na baadaye pingili inayoporomoka na kutoa kibiongo. Dawa za kifua kikuu nchini hutolewa bure. Bure! Mgonjwa huyu anaweza kulipia kila chupa kati ya Itaka na Tunduma na asifike kwenye tiba pekee ambayo haimdai shilingi, na akifika amechelewa, miguu haimbebi tena. Pembeni yake yupo mzee ambaye kiuno chake kimeanza kuuma akiwa na miaka 65, anakojoa kwa shida, na saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa. Kwa mfugaji na mnywaji wa maziwa mabichi, bruselosisi nayo hushambulia pingili.

Na yupo wa dharura. Ganzi ikishika sehemu ile inayokalia tandiko la baiskeli, mkojo ukagoma au ukatoka bila taarifa, miguu yote miwili ikalegea, hapo fungu zima la neva za chini limebanwa. Hiyo inahesabiwa kwa saa. Mtu huyo hakandwi wala hapelekwi kwa mzee. Anapakiwa kwenye gari usiku huohuo kwenda hospitali, na hospitali inamsukuma kwenye rufaa Mbeya. Akiambiwa ajaribu kitu kingine hadi Jumatatu, anaweza kubaki na mpira wa mkojo maisha yake yote.

6. Kwamba sisi wa huku hatuna njia nyingine

Hii ndiyo hoja yao nzito, na sehemu yake ya kwanza siibishi: wataalamu ni wachache na wako mbali. Ninachokataa ni hitimisho. Umbali wa bingwa haumfanyi muuza unga kuwa bingwa. Aliye mbali na kisima hanywi petroli.

Tena karibu kila kitu cha kwanza anachohitaji mgonjwa huyu kinapatikana karibu. Tabibu wa kituo cha afya anaweza kumwinua mguu akiwa amelala chali, kumpima nguvu ya kidole gumba, kugusa ngozi kutafuta ganzi, kuuliza habari za mkojo, uzito na jasho la usiku. Kazi hiyo haihitaji umeme. Inamtenga yule wa saa na yule wa miezi, na hakuna chuku iliyowahi kufanya hivyo. Mgonjwa naye ana maswali yake ambayo ni bure kuyauliza kwa yeyote, awe na koti jeupe au na kibuyu: nisipofanya hiki, itakuwaje? Nikikifanya, kati ya watu kumi kinawasaidia wangapi? Kinaweza kuniumiza vipi? Na tutajua lini kwamba kimeshindwa ili tuache? Swali hilo la mwisho ndilo linalowakera zaidi, kwa sababu anayekuuzia chupa ya tatu anaishi kwa kutokuwepo kwa tarehe ya kuacha.

Kauli ya jaribu tu imewasaidia watu wengine ambao hatuwataji. Kila mgonjwa akihangaika kivyake, hakuna anayedaiwa chochote. Halmashauri haiulizwi kwa nini mtaalamu wa mazoezi ya viungo hafiki vijijini, na anayefunga lumbesa haulizwi kuhusu migongo ya vijana. Kwenye mikutano ya kijiji tunasimama kuuliza barabara, mbolea ya ruzuku na malipo ya kahawa kutoka chama cha ushirika, Amcos, na tunafanya vyema. Sijasikia aliyesimama kuuliza mtu wa fiziotherapia atafika lini kituo cha afya, hata siku moja kwa mwezi, ingawa wengi wa waliohudhuria wamekalia kalio moja.